Ng'ombe Ana Chapa, Kompyuta Je?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Jumamosi iliyopita nilikuwa na shughuli mbili, na zote mbili zilikuwa za biashara ya watu wengine. Asubuhi nilimsindikiza shemeji yangu kwenye mnada wa Msalato, kaskazini ya mji wetu wa Dodoma, kuuza dume moja la ng'ombe. Jioni nilimsindikiza kijana wa jirani yangu kuuza kompyuta mpakato, zile ambazo vijana wanaziita laptopu. Tangu siku hiyo sijaacha kuzilinganisha shughuli hizo mbili, na leo naomba tuzilinganishe pamoja.

Nianze na ng'ombe. Shemeji yangu hakuamka tu Jumamosi akamfungua dume zizini. Alianza kwa mtendaji wa kijiji, akapewa barua ya kuthibitisha kwamba dume lile ni lake. Kisha akaenda kwa ofisa mifugo kutafuta kibali cha kumsafirisha. Dume mwenyewe ana chapa, kwa sababu nchi hii ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na hata kabla ya sheria hiyo wafugaji wa nchi hii ya kati walikuwa na alama zao. Tulipofika mnadani, wanunuzi walimfungua mdomo wakamtazama meno, wakamtembeza, wakamshika nundu, wakauliza kama amewahi kuugua. Mmoja alimzunguka mara tatu bila kusema neno, kisha akaondoka. Walipokubaliana bei na mwingine, fedha zilihesabiwa mchana kweupe mbele ya watu, ushuru ukalipwa, risiti ikakatwa. Huyo ni ng'ombe mmoja, wa shilingi milioni moja na laki moja.

Sasa njoo jioni. Kompyuta ya kijana ilikuwa inauzwa shilingi milioni mbili na laki sita. Kwa bei hiyo ungepata madume mawili kama lile la shemeji yangu na chenji ya mbuzi kadhaa. Tangazo lake mtandaoni lilikuwa na picha nne na mstari mmoja: "Laptop kali ya gemu, haina shida yoyote, bei maelewano." Hapakuwa na barua ya mtendaji wala chapa, na hakuna aliyeombwa kufungua mdomo wa mtu yeyote. Muuzaji hamjui mnunuzi, mnunuzi hamjui muuzaji, na wote wawili wanaona huo ndio utaratibu wa siku hizi.

Pengine msikilizaji wa rika langu atauliza, hivi kompyuta ya kuchezea michezo inawezaje kugharimu fedha zote hizo? Nami nilikuwa na swali hilo hilo. Sisi tuliozaliwa zamani tunakumbuka kwamba kompyuta ya kwanza hapa nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo haikuondolewa mpaka miaka ya 1990. Mtu aliyekulia katika hali hiyo ana haki ya kushangaa akimwona kijana wa miaka ishirini na mitano amepakata mapajani mashine yenye nguvu kuliko zote zilizokuwa Hazina siku zile, anaitumia kupiga mpira wa kwenye kioo.

Lakini kijana alinielimisha. Mashine hizi zinaitwa za gemu kwa sababu gemu ndizo zilizozizaa. Ndani yake, mbali na prosesa ya kawaida, kuna kadi ya michoro inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake yenyewe, na kazi yake ni kuchora mamilioni ya nukta kwenye kioo mara nyingi katika kila sekunde. Kadi hiyo hiyo inayochora uwanja wa mpira ndiyo inayomfaa mtu anayehariri video za harusi, na msanifu anayechora ghorofa kabla halijajengwa. Katika mji unaojengwa kama huu wetu, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, watu wa kazi hizo ni wengi. Kwa hiyo mashine ya gemu ikitumika miaka mitatu minne haitupwi. Inaingia katika mtumba, na hapo sizungumzii Mtumba kule kwenye Mji wa Serikali, nazungumzia mtumba wenyewe.

Kijana huyu alimaliza chuo, akapata kazi wilayani, na alihitaji fedha za kuanzia maisha: godoro, jiko, kodi ya nyumba ya miezi sita. Kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho ni kompyuta hiyo aliyoinunua mwaka 2021. Hakuwa mlanguzi wala tapeli. Nasema hivyo mapema ili msikilizaji asije akanielewa vibaya nitakapofika mbele.

Tangazo lilitoka Jumatano. Kabla ya magharibi alikuwa na ujumbe usiopungua thelathini. Alinionyesha. "Bado ipo?" "Mwisho bei gani kaka?" "Nina laki nane hapa hapa, nije?" "Niwekee, kesho nakuja," na huyo wa kesho hakuonekana hadi leo. Mmoja alitaka wabadilishane na pikipiki. Mwingine, aliyesema yuko Dar es Salaam, alitaka mashine ipakiwe kwenye basi Stendi ya Nanenane, naye angetuma fedha akishaipokea. Upande wa pili wa shilingi hiyo mnaujua: wako wanunuzi waliotuma fedha kwanza, wakaenda stendi kuchukua boksi, wakalifungua na kukuta tofali. Uzito ulikuwa sawasawa kabisa.

Alhamisi ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Alikuja bwana mmoja na bodaboda, nadhifu, maneno matamu, wakakutana karibu na Nyerere Square. Aliiwasha mashine, akaitazama dakika tano, akasema ameridhika, atalipa kwa simu. Baada ya muda simu ya kijana ikalia, ujumbe ukaingia: umepokea shilingi 2,500,000, na jina la mtumaji limeandikwa vizuri. Kijana alikuwa tayari ameirudisha mashine kwenye begi ili amkabidhi. Kilichomwokoa ni jambo dogo. Alitaka kwanza kumtumia mama yake shilingi elfu ishirini kwa furaha. Akaingia kwenye menyu ya simu, akaambiwa salio halitoshi. Akatazama salio: shilingi 3,400. Alipomuuliza yule bwana, akajibiwa kwamba mtandao unasumbua, fedha zitaonekana baada ya nusu saa, yeye aondoke na mzigo kwanza maana ana haraka. Kijana alikaza mkono kwenye begi. Bwana akapanda bodaboda yake akaenda zake.

Ujumbe ule ulikuwa umeandikwa na mtu, haukutoka katika mtambo wa fedha. Hii ni ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupokea, hata asiyedaiwa na mtu. Dawa yake ni kutouamini ujumbe hata kidogo. Muuzaji afungue menyu yake mwenyewe, aweke namba yake ya siri mwenyewe, atazame salio kwa macho yake. Na hata salio likionekana, kama ni fedha nyingi, ni afadhali kumalizana mkiwa wote kwa wakala au kwenye kaunta ya benki, kwa maana wako wanaolipa kweli, wakachukua mali, kisha wakapiga simu kwa kampuni wakidai wamekosea namba na wanaomba muamala urudishwe. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa namba 15040. Tangu mwaka 2019 laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, namba iliyotumika kutapeli ina jina la mtu nyuma yake, ingawa mara nyingine jina hilo ni la bibi kizee asiyejua lolote. Ndiyo sababu kila mmoja wetu anashauriwa kupiga *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Na kujipatia mali kwa hila ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na udanganyifu wa kutumia kompyuta umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria zipo. Lakini begi likishapanda bodaboda, sheria inabaki kulikimbilia kwa nyuma.

Baada ya kisa hicho mama wa kijana akaniomba nimsindikize kwa mnunuzi mwingine, na ndivyo nilivyojikuta Jumamosi jioni, miguu ingali na vumbi la Msalato, nimekaa studioni kwa dada mmoja anayehariri picha za harusi, si mbali na soko la Majengo.

Dada yule, ndugu wasikilizaji, ndiye mnunuzi. Angeweza kwenda Msalato kesho akanunua ng'ombe bila kudanganywa. Jambo la kwanza alilouliza halikuwa bei. Aliuliza, "Kaka, hii ulinunua wapi, na risiti iko wapi?" Kijana risiti ilikuwa imempotea, lakini boksi la mashine alikuwa nalo, na namba iliyo kwenye boksi ililingana na iliyo chini ya mashine. Dada alisema kwamba alikwisha kununua simu ya bei poa, wiki tatu baadaye polisi wakaja studioni kwake. Hakulala ndani, lakini simu ilichukuliwa na fedha hazikurudi. Anayenunua mali ya wizi kwa kawaida haipati kuwa yake, hata kama alilipa fedha halali. Na akiipokea huku akijua au akiwa na sababu ya kujua kwamba imeibiwa, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamngoja yeye pia. Mashine ya milioni mbili na nusu ikiuzwa kwa laki sita usiku wa manane, hiyo sababu ya kujua imeshapatikana.

Jambo la pili, dada alichomeka chaja ukutani, akaitazama. Chaja za mashine hizi ni nzito kama tofali dogo, kwa kuwa zinatoa wati mia na themanini, mia mbili na thelathini, hata zaidi. Ukipewa chaja ndogo ya kompyuta ya kawaida, mashine itawaka, lakini haitafikia nguvu zake, na wapo wauzaji wanaobaki na chaja halisi ili waiuze peke yake. Kisha akaichunguza betri. Kwenye Windows kuna amri inayotoa ripoti ya betri, ikionyesha ilizaliwa na uwezo gani na leo imebakiwa na kiasi gani. Amri yenyewe ni ngumu kuisoma redioni, wasomaji wa gazeti wataiona: powercfg /batteryreport. Ya kijana ilikuwa imebakiwa na asilimia 61. Hayo ndiyo meno ya ng'ombe.

Kuhusu gemu, tangazo lilisema mashine inauzwa "na gemu zake". Dada alicheka. Gemu zilizonunuliwa kihalali katika maduka ya mtandaoni kama Steam hukaa kwenye akaunti ya mtu, hazikai kwenye mashine, na masharti ya duka hayaruhusu akaunti kuuzwa. Kijana akijitoa katika akaunti yake, gemu zimeondoka naye. Asipojitoa, amemwachia mgeni ufunguo wa nyumba. Alimwuliza pia mashine inatumia Windows gani, nalo ni swali zuri, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine za gemu za mwaka 2017 kurudi nyuma, hata zilizouzwa kwa bei ya kutisha wakati huo, nyingi hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Ya kijana ilikubaliwa. Lakini ukiona mtu anauza mashine ya zamani kwa bei ya kutupa mwaka huu, huenda hiyo ndiyo sababu.

Hapo dada akasema, "Sasa naomba niifanyishe kazi saa moja."

Niliona uso wa kijana ukibadilika.

Tulipokuwa njiani kuja, nilikuwa nimemwuliza swali moja tu: lile neno "haina shida yoyote" kwenye tangazo, ni kweli? Alinyamaza, kisha akasema, "Mzee, kila mtu anaandika hivyo." Sikumsukuma. Sasa pale studioni, kabla dada hajafungua video yake, kijana akakohoa akasema, "Dada, nikwambie ukweli. Ikifanya kazi nzito zaidi ya nusu saa inapata moto sana, na mara nyingine inajizima."

Najua wasikilizaji wengine watasema alifanya hivyo kwa kuwa alibanwa, kwamba saa moja ya majaribio ingemuumbua. Huenda. Lakini nimewaona watu waliobanwa wakasema mtandao unasumbua.

Tufahamu vizuri shida yenyewe, kwa sababu ni shida ya kwetu. Kadi ya michoro na prosesa vinapofanya kazi hutoa joto jingi, na feni ndogo mbili hulitoa kwa kuvuta hewa upande wa chini na kuisukuma nje kwa mbavuni. Hewa ya Dodoma mnaijua. Tuko juu ya uwanda, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na kuanzia Mei hadi Novemba ni upepo na vumbi jekundu. Feni inavuta hewa na vumbi pamoja. Baada ya miaka mitatu vumbi linakuwa kama blanketi kwenye mapezi ya kupozea, na mafuta mazito yanayopakwa juu ya prosesa ili joto lipite yanakauka. Joto likikaribia nyuzi mia moja, prosesa hujipunguza mwendo ili isiungue, na likizidi mashine inajizima. Kwa nje huoni kitu. Mashine ni safi, taa za baobonye zinang'aa rangi saba, na picha nne za tangazo ni nzuri. Ng'ombe mgonjwa walau hukohoa.

Dada hakukasirika. Alisema, "Ahsante kwa kuniambia," akaijaribu vilevile ile saa moja yake, na kweli dakika ya arobaini ikajizima. Bei ikashuka hadi milioni mbili na laki moja na nusu. Kijana aliumia, nilimwona, lakini alikubali.

Palibaki jambo la vitu vilivyomo ndani. Kijana alikuwa tayari kukabidhi mashine kama ilivyo, akisema ameshafuta mafaili yake. Kufuta faili kwa kawaida ni sawa na kufuta jina la shamba kwenye daftari la kijiji; jina limeondoka lakini mahindi bado yamesimama, na mwenye programu ya kuyatafuta atayavuna. Ndani ya mashine ile palikuwa na nakala ya kitambulisho chake cha taifa, vyeti, picha za familia, na nywila za barua pepe zilizohifadhiwa. Katika mji huu ambao nusu ya watu tunaokutana nao barabarani ni watumishi wa umma, naogopa kufikiri ni mashine ngapi za mtumba zina nyaraka za ofisi na majina ya wananchi waliokuja kuhudumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikutungwa kwa ajili ya mabenki peke yao. Ilibidi tukae saa moja na nusu zaidi. Kijana alijitoa kwenye akaunti zake zote, kisha wakachagua ile njia ya kuirudisha Windows upya inayoondoa kila kitu na kuisafisha diski yenyewe, na siyo ile ya haraka. Dada alituchemshia chai.

Mwisho tuliandika karatasi. Majina mawili, namba za vitambulisho, namba ya mashine, bei, tarehe, na mstari unaosema: inapata moto na kujizima ikifanya kazi nzito, mnunuzi ameelezwa. Mimi nikatia saini kama shahidi upande wa muuzaji, na fundi wa picha wa pale studioni akatia saini upande wa mnunuzi. Fedha zililipwa kwa wakala wa mlango wa pili, kijana akatazama salio lake mara mbili.

Jumanne nilipita Majengo nikaona niingie kusalimia. Dada alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ile ile, bibi harusi amejaa kwenye kioo, feni zinavuma taratibu. Alikuwa ameipeleka kwa fundi Jumatatu. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akasafisha feni, akapaka mafuta mapya kwenye prosesa. Alimtoza shilingi elfu arobaini. Haijajizima tangu hapo.

Nilimpelekea kijana habari hizo jioni yake, nikidhani atafurahi. Alipiga hesabu kimya kimya, laki nne na nusu alizopunguza, toa elfu arobaini, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia aipeleke kwa fundi kwanza kabla ya kuiuza. Nilikosa jibu la maana. Nilimwambia mimi najua ng'ombe.